Maswali na Majibu: Barabara ya Lincoln

*Hiyo Lincoln Highway ndiyo Route 66?* (wasomaji watatu, juma moja)

Siyo. Route 66 ni barabara nyingine ya Marekani: ilianzia Chicago, ilikuwa ya mwaka 1926. Lincoln, barabara ya magari ya kuvuka Marekani kutoka New York hadi San Francisco, ilitangazwa mwaka 1913. Jamani, someni majibu ya nyuma kabla ya kuuliza.

*Nipo Cedar Rapids, Iowa. Inapita wapi?*

Inapita hapo hapo kwenu. Ila ukiuliza njia ya barabara hii, taja na mwaka, maana ilihamishwa mara nyingi. Ile ya 1913 ilitoka Times Square, New York, ikakata New Jersey, Pennsylvania, Ohio, Indiana, Illinois, Iowa, Nebraska, Wyoming, Utah na Nevada, ikaishia Lincoln Park, San Francisco: maili 3,389, karibu kilomita 5,450. Kulikuwa na mchepuko wa Denver, ukafutwa mwaka 1915. Mwaka huo huo, mji wa Tama, magharibi yako, ulijenga daraja dogo ambalo kingo zake ni herufi za zege zinazosomeka LINCOLN HIGHWAY. Unasoma jina la barabara huku unavuka kijito.

*Serikali ilitumia dola ngapi kuijenga?*

Nani kakwambia ilijengwa na serikali? Carl Fisher, mfanyabiashara wa taa za magari wa Indianapolis, ndiye aliyepita kwa matajiri wa magari na saruji mwaka 1912 akitafuta dola milioni 10. Henry Ford alimkatalia: watu wakizoea kujengewa na matajiri, hawatakubali kulipia barabara zao. Naona Ford alikuwa sahihi. Fedha hazikutimia, na sehemu kubwa ya "barabara" ikabaki kuwa rangi nyekundu, nyeupe na bluu iliyopakwa kwenye nguzo za kando ya njia za udongo. Mwaka 1914, karibu na Malta, Illinois, Fisher na wenzake wakamwaga zege maili moja tu katikati ya tope, ili watu waonje na kudai zaidi.

Mwaka 1919 jeshi lilipeleka msafara wa malori kutoka Washington kwa njia hii. Ulifika San Francisco baada ya siku 62, malori yakizama kwenye tope na mchanga na kuvunja madaraja njiani. Afisa kijana Dwight Eisenhower alikuwemo. Akiwa rais, mwaka 1956, alitia saini sheria ya barabara kuu za Interstate, zinazounganisha majimbo, safari hii kwa fedha za umma. Ukiona bango la barabara popote, tazama chini kwanza: kuna lami?

*Mbona jina halipo kwenye ramani?*

Mwaka 1926 namba zilichukua nafasi ya majina. Sehemu kubwa ikawa US 30. Mwaka 1928 maskauti walisimika nguzo za zege zenye sura ya Rais Abraham Lincoln kutoka pwani hadi pwani. Ukiikuta moja, piga picha uiache ilipo. Kuing'oa ni wizi.

*Mimi dereva wa lori Ohio. Nataka kuifuata yote kwa ramani ya simu.*

Usithubutu na lori. Magharibi mwa Utah kipande kimoja kipo ndani ya eneo la jeshi la Dugway, raia hawapiti. Upande wa Fish Springs ni changarawe tupu, mwendo mrefu bila kituo cha mafuta. Nenda na gari dogo, jaza tangi kabla ya kuiacha lami, beba maji na tairi mbili za akiba.