Usiiname nyuma ya gunia

Dada yangu, unasema tangu upoteze kazi unauza omena sokoni Kibuye, Kisumu, na ukiwaona wanakwaya wenzako unainama nyuma ya gunia. Pole sana. Nilipoanza kuuza mitumba, nami nilivuta leso hadi machoni kila muumini alipopita. Wateja nao wakanipita! Soma Matendo 18:3: Paulo alishona mahema Korintho huku akihubiri. Na Wafilipi 2:7, Yesu mwenyewe alitwaa namna ya mtumwa. Hilo jina unalolilinda halikulishi, wala halikuombei usiku. Jumapili ibada ikiisha, mwambie mwanakwaya mmoja tu, kwa kinywa chako, unachouza na bei ya gorogoro. Akija, mpimie ijae, kisha mwongeze konzi moja.