Barua za Darwin: usiruke zile za nyumbani

Umeuliza kama barua za kifamilia za Darwin zina faida kwa anayefuatilia sayansi yake tu. Zina faida kubwa, ndugu yangu. Chukua Juni 1858: inamfikia barua ya mtafiti mwenzake wa viumbe, Wallace, kutoka Ternate, kisiwa cha Indonesia ya leo, ndani yake nadharia ileile ya mageuzi ya viumbe kwa uteuzi wa asili ambayo Darwin mwenyewe aliitafakari kwa takriban miaka 20. Siku hizohizo mwanawe mdogo, Charles Waring, wa mwaka mmoja na nusu, anaugua homa ya vipele vyekundu, na tarehe 28 anafariki. Kesho yake Darwin anamwandikia rafiki yake Hooker, mtaalamu wa mimea, kwamba hajiwezi kabisa, ila karatasi alizoombwa, zake na za Wallace, anazituma. Zikasomwa Linnean Society, chama cha wanasayansi wa viumbe huko London, tarehe 1 Julai. Ukisoma za kazi peke yake, hutaelewa kwa nini aliwaachia Hooker na rafiki yake mwingine, mwanajiolojia Lyell, shughuli yote ile ya kuziwasilisha.