Jino linacheza kwa sababu gani? Kwa intani wapya wa kinywa na meno

Wadogo zangu mlioanza mwezi huu, karibuni Mwanza. Juzi asubuhi nimemkuta mmoja wenu kwenye kiti cha tatu, koleo mkononi, ganzi ameshachoma, anataka kumng'oa jino bibi wa miaka 60 na kitu. Nikamwuliza, "Jino lina nini?" "Linacheza, dokta." "Linacheza kwa sababu gani?" Kimya. Nikamwomba bibi radhi, nikaushika ulimi kwa kitambaa cha shashi, nikauvuta pembeni. Kidonda hicho hapo, kingo ngumu, kimeshafika kwenye fizi. Bibi akasema kina miezi minne. Sikumgombeza mtoto wa watu mbele ya mgonjwa, ila usiku usingizi ulikuwa wa shida.

Nawapenda, lakini kwa jambo hili sina subira.

1. Ulimi ushikwe, uvutwe kulia na kushoto, kwa kila mgonjwa, hata aliyekuja kusafishwa meno. Saratani nyingi za ulimi hukaa ubavuni na kwa chini, ambako huoni mtu akipanua tu mdomo. Kisha papasa tezi za shingoni. Kidonda kikipita wiki mbili hakijapona, na jino lenye ncha umeshalirekebisha, usimwandikie tena dawa ya kusukutua, kata kinyama kikapimwe maabara. Ulizeni sigara, pombe na ugoro, tena kwa upole. Bibi hatakutajia ugoro wake ukimhoji kama polisi.

2. Jino linalocheza bila sababu. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipomkosea mtu.

Nilikuwa mwaka wa kwanza kazini, kituo kidogo kando ya ziwa. Mama mmoja alivuka kutoka Ukerewe na mwanawe wa miaka sita. Shavu la kulia limevimba, magego mawili ya juu yanacheza, fizi imejaa. Homa hana, usaha hakuna, meno hayajatoboka. Yote hayo niliyaona, nikayaandika kwa mkono wangu kwenye faili, kisha chini yake nikaandika "jipu la jino". Foleni nje ilikuwa ndefu. Niling'oa magego yote mawili, na yalitoka bila kutumia nguvu. Hilo nalo lilitosha kunishtua, halikunishtua. Nikaandika amoksisilini na metronidazo, dawa za kuua bakteria, nikamwambia mama arudi baada ya siku saba.

Alirudi baada ya siku 19. Nauli ya kivuko ilikuwa imemshinda, akasubiri mumewe auze dagaa. Mtoto alipoingia mlangoni sikumtambua. Jicho limesukumwa nje, na pale nilipong'oa meno nyama imechipuka hadi mdomo haufungi. Kabla sijasema neno mama akaniwahi: "Dokta, dawa nilimpa zote, sikuruka hata moja." Yeye ndiye aliyekuwa anajitetea kwangu.

Ilikuwa limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za limfu inayokua haraka mno. Ng'ambo ya ziwa hili hili, Uganda, Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya vimbe hizi za taya kwa watoto. Nilisoma habari zake chuoni, nikajibu mtihani vizuri. Seli za uvimbe huo zinaweza kuongezeka maradufu kwa saa 24 hadi 48. Sasa zihesabuni zile siku 19.

Hospitali ya rufaa walikata kinyama, dawa za saratani zikaanza wiki hiyo hiyo, na ndani ya siku chache uvimbe ukaanza kunywea. Ugonjwa huu hautaki kisu, unataka dawa mapema. Mtoto alipona, ila jicho la kulia halikuona tena. Nilimfuata mama wodini nikamwambia kosa ni langu, si lake, wala si la dawa alizompa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo mtoto akija na taya lililovimba, meno yanacheza, na huoni homa wala usaha wala tundu, weka koleo chini. Rufaa siku hiyo hiyo, na uulize nauli ipo. Kwa mtu mzima, uvimbe wa taya unaokua taratibu kwa miaka bila maumivu mara nyingi huwa ameloblastoma. Si saratani, lakini hula mfupa. Mdomo wa chini ukifa ganzi bila sindano, ogopeni zaidi.

3. Kinyama kikatwe ukingoni, kishike na nyama nzima kidogo, siyo katikati penye uozo. Kihifadhiwe kwenye dawa ya fomalini asilimia 10, ujazo mara kumi ya kinyama. Jina liandikwe kwenye chupa, maana vifuniko hubadilishana. Cha bibi wa juzi tulikikata na huyo mwenzenu, na mkono wake ni mzuri.

4. Meno mabovu yang'olewe wiki mbili hadi tatu kabla ya mionzi ya kutibu saratani, kidonda kifunge. Taya lililopigwa mionzi hupungukiwa damu. Ukilichokoza hata miaka mingi baadaye, mfupa unaweza kuoza. Mwenye jino linalouma aulizwe kwanza kama amewahi kupata mionzi, iwe hospitali ya Bugando hapa Mwanza au Ocean Road kule Dar es Salaam.

5. Mdomo unaokaza, usiopanuka vizuri, baada ya matibabu ya saratani. Mazoezi yaanze mapema: vijiti vya kukandamizia ulimi, vipangwe katikati ya meno, kiongezwe kimoja kimoja. Mvuvi mmoja wa Igombe alianza na vijiti 8, mkewe ndiye mhesabuji, na hakukubali siku ipite. Walipofika 20 walikuja kliniki na sato wa kukaanga kwenye karatasi. Mate yake yalikuwa bado machache kwa ajili ya mionzi, kwa hiyo alikula polepole, kila tonge na funda la maji, mkewe akimchambulia miiba.