Moto wa Kigali hauchomi

Mara ya kwanza kushuka stendi ya Nyabugogo, Kigali, nilikuwa na begi moja na anwani niliyoiandika nyuma ya tiketi ya basi. Kijana niliyemwonyesha aliisoma, akaniambia kwa Kiswahili kizuri tu: "Mzee, panda moto, utafika sasa hivi."

Nikamkodolea macho. Kwetu Tanga moto haupandwi. Moto unakokwa, unapulizwa, na ukizidi unaukimbia. Akacheka, akaninyooshea kidole barabarani: pikipiki zimejipanga, kila dereva ana helmeti ya pili ya abiria. Ndiyo moto yenyewe. Nikapanda.

Neno hilo la Kigali limetoka kwenye Kifaransa, motocyclette iliyokatwa mkia, na mzizi wake ni wa Kilatini wenye maana ya kusogea. Ni ndugu wa mota ya pampu ya maji. Wenyeji hawalichanganyi na kitu kingine kwa sababu moto wa kupikia wao wanauita umuriro. Nafasi ilikuwa wazi, neno likaingia likakaa. Kwetu sisi nafasi ilikwisha kaliwa.

Ningeishia hapo ingekuwa kisa cha kuchekesha tu. Ila mimi kazi yangu ni kufundisha wageni Kiswahili, na miaka michache baadaye nilimpata mwanafunzi Mjapani ambaye jina lake la ukoo liliishia na -moto. Akanieleza kuwa kwao moto ni chanzo, shina, mahali kitu kinapoanzia. Yamamoto, kwa mfano, ni chini ya mlima, pale mlima unaposimamia. Basi nikapanda jukwaani. Nikamwambia bila shaka maneno haya ni mamoja, maana moto ndio chanzo cha nyumba, mafiga matatu ndiyo mwanzo wa familia, wahenga walijua. Nilisema kwa dakika kumi nzima, na yeye akaandika kila kitu kwenye daftari. Kesho yake akaja na swali moja: "Mwalimu, na pikipiki ya Kigali nayo ni chanzo?"

Tangu siku hiyo nimeacha kuamini sikio langu, na wewe nakushauri uache. Najua utamu wake. Kila wiki kuna mtu ananitumia ujumbe kwamba neno fulani la Kihindi, la Kigiriki au la Kijapani "limetoka kwetu", ushahidi wake ukiwa ni kwamba yanafanana. Kufanana si ushahidi. Chukua hesabu ndogo. Kiswahili kina irabu tano, a, e, i, o, u, na Kijapani nacho kina tano zinazokaribiana sana na hizo. Lugha zote mbili zinapenda silabi za konsonanti na irabu. Tuseme wanashirikiana konsonanti kumi tu: hizo ni silabi 50, na maneno ya silabi mbili yanayoweza kuundwa ni 2,500. Kila lugha ina maelfu ya vitu vya kutaja. Yasipogongana ndiyo ingekuwa ajabu.

Unapotaka kujua neno limetoka wapi, fanya kama wazee wanavyofanya posa ikija: ulizia ukoo. Moto wetu una watu wake. Wachewa wanasema moto, Washona wanasema moto, na maana ni hii hii yetu. Kisha angalia nyumbani. Wingi wake ni mioto, kwa hiyo ile m ya mbele ni kiambishi, kinachobaki ni -oto. Na nani anaishi na -oto? Kuota moto! Kujipasha joto asubuhi ya baridi. Waganda nao wanasema okwota. Kitenzi ndicho kilichozaa jina, na chanzo cha Kijapani hakina mtu hata mmoja kwenye msiba huu.

Hapa nichepuke kidogo, maana hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Tuna pia kuota ndoto. Sikio litakwambia ni neno moja: mtu akilala karibu na moto huota, sivyo? Ulizia jamaa. Waganda kuota ndoto ni okuloota, Wakikuyu ni kũroota. Kuna l au r pale mbele ambayo kwenye kuota moto haipo kabisa. Kiswahili kimeidondosha njiani, lakini kimesahau alama yake ndani ya nyumba: ndoto. Ile d baada ya n ndiyo l ya zamani imejificha. Nimefundisha miaka mingi kabla ya kuiona, na siku nilipoiona nilimpigia simu mke wangu sokoni kumwambia. Alinijibu kwamba nyanya zimepanda bei.

Tahadhari moja: hata kwa ndugu wa kweli, usikimbie. Kwenye Kilingala moto ni mtu, wingi wake bato. Huyu si ndugu wa moto wetu, ni ndugu wa mtu wetu, watu, umuntu wa Wazulu. Moto wa kuwaka wanao pia, ila o zake zinatamkwa kwa mdomo uliofunguka zaidi. Ukiyasoma kwenye karatasi isiyoweka alama hizo huyatofautishi.

Na kama neno limekopwa kweli, mara nyingi utaliona limekuja na mzigo wake. Gari tumelipata kwa Wahindi, na lilikuja na kitu chenye magurudumu. Kuna watu, kuna bandari, kuna biashara ya kuonyesha. Lakini gari ya Nigeria ni unga wa muhogo, na gari ya mgahawa wa Kijapani ni vipande vya tangawizi iliyolowekwa kwenye siki. Hapo usianze kuchora ramani za misafara.

Yule mwanafunzi aliporudi kwao alituachia pakiti ya Ajinomoto, kile kiungo kinachouzwa tangu 1909. Jina ni maneno matatu: aji, ladha, no, kama "ya" yetu, na moto, chanzo. Chanzo cha ladha. Niliiweka jikoni bila kumweleza mtu. Jioni nikamkuta shangazi yangu amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, amenyunyiza nusu pakiti juu ya makaa, anapepea, ananung'unika kwamba moto wa Wajapani unachelewa kushika.