Maswali ya Wasomaji: Usiache Chapati Kabla ya Kupimwa

Barua za mwezi huu zinahusu siliaki, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utumbo mwembamba kila mtu anapokula gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Tumejibu nyingine kwa kirefu na nyingine kwa ufupi, kadiri ya uzito wake.

Nina miaka 27, naishi Kondele, Kisumu. Mwaka mzima nimekuwa nikiharisha, tumbo linajaa gesi na damu iko chini. Nimetibiwa taifodi na amiba zaidi ya mara moja. Rafiki alinishauri niache ngano. Nikaacha miezi mitatu, nikapata nafuu. Juzi nimepimwa siliaki, majibu hasi. Je, niko salama?

Dada, majibu hayo hayathibitishi wala hayakanushi kitu. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza mtu anapoendelea kula gluteni. Ukikaa miezi mitatu bila ngano, kingamwili hizo hushuka, na mwenye ugonjwa kamili anaweza kupewa karatasi safi. Hata nafuu uliyoipata si ushahidi: ngano ina pia sukari iitwayo fruktani, na hiyo huwajaza gesi watu wengi wasio na siliaki kabisa.

Itakubidi uirudie ngano. Kula vipande viwili vya mkate au chapati moja ya wastani kila siku, ukigawa kwenye milo miwili, kwa wiki 6 hadi 8. Siku za mwanzo tumbo litalalamika. Likizidi, usiache kimyakimya. Rudi kwa daktari, kwa kuwa wakati mwingine hukubalika kupima mapema, baada ya wiki 2 au 3. Kama una mimba, ahirisha hadi ujifungue.

Kwenye fomu ya maabara hakikisha vimeandikwa vipimo viwili: tTG-IgA, yaani kingamwili ya siliaki yenyewe, na IgA ya jumla, yaani kiasi chote cha aina hiyo ya kingamwili. Hiki cha pili husahaulika sana. Kati ya wagonjwa 100 wa siliaki, wawili au watatu hawatengenezi IgA ya kutosha, hivyo tTG-IgA yao hutoka hasi hata utumbo ukiwa umeharibika. Hao hupimwa kingamwili za siliaki za aina nyingine, IgG. Huhitaji kufunga kula kabla ya kutolewa damu. Sampuli ikipelekwa Nairobi usishangae. Lakini ukiuziwa kile kipimo cha "vyakula 100 visivyokupatana", weka pesa zako mfukoni. Hakipimi siliaki.

Damu ikitoka chanya, hatua inayofuata kwa kawaida kwa mtu mzima ni endoskopia, kamera inayopitishwa mdomoni. Kisumu anza kwa kuuliza hospitali ya Jaramogi. Eldoret kuna hospitali ya Moi. Na hospitali ya Tenwek kule Bomet wana uzoefu wa miaka mingi wa kamera kwa sababu ya saratani ya umio. Uliza mapema SHA, bima ya afya ya serikali, italipa sehemu gani, na ukae bila kula saa 6 hadi 8 kabla. Kisha mwambie mtaalamu waziwazi kwamba mnatafuta siliaki. Huku kwetu kamera nyingi hutafuta vidonda vya tumbo, na asipojua ataishia kwenye mfuko wa tumbo bila kufika utumboni. Unachotaka ni vipande vidogo visivyopungua 4 kutoka sehemu ya pili ya duodeni, yaani kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, pamoja na kimoja au viwili pale duodeni inapoanzia. Vichukuliwe hata kama ukuta unaonekana mzuri. Uharibifu huwa wa mabaka, na mara nyingi jicho la kamera haliuoni.

Maabara ya tishu itaangalia vinyuzi vidogo vinavyofyonza chakula. Siliaki huvifupisha hadi ukuta unabaki bapa, na hapo ndipo madini ya chuma yanapokosa njia ya kuingia na damu yako kupungua. Tahadhari moja: giardia, VVU na hata dawa ya presha iitwayo olmesartan huweza kufupisha vinyuzi hivyohivyo. Kwa hiyo kipande kilichoharibika bila kingamwili kwenye damu kisikufanye uape kuacha chapati maisha yako yote. Pima choo kwanza.

Binti yangu wa miaka 9 aligunduliwa na siliaki miezi minane iliyopita. Tunaishi Njoro. Hali mkate, mandazi wala chapati, ni ugali na uji tu, lakini kingamwili zimeshuka kidogo sana. Daktari anasema bado anakula gluteni. Anaipata wapi?

Mama, tunashuku mashine ya kusaga. Njoro na Mau Narok ni nchi ya ngano, na kinu kinachosaga mahindi yako asubuhi huenda kilisaga ngano ya jirani jana. Unga hubaki kwenye mdomo wa mashine, kwenye chujio la ndani, kwenye bomba na kwenye ule mfuko wa kitambaa unaopokea unga, ambao sijui ni nani amewahi kuufua. Kumwaga kilo mbili za kwanza kwa kuku kunapunguza tatizo, hakuliondoi.

Fikiria viwango vyenyewe. Kipande kimoja cha mkate kina takriban gramu 2 za gluteni. Miligramu 50 kwa siku, yaani sehemu moja ya arobaini ya kipande hicho, zinatosha kuendelea kuharibu utumbo. Ndiyo sababu kipimo cha kimataifa cha chakula "kisicho na gluteni" ni kutozidi miligramu 20 kwa kila kilo. Unga wa kinu cha pamoja unaweza kuvuka hapo bila kuonekana wala kubadili ladha.

Tafuta mwenye kinu asiyepokea ngano kabisa, au nunua kinu kidogo cha mkono kiwe cha nyumbani. Mahindi yasikae kwenye gunia lililobeba ngano. Wimbi na mtama upepete, uchague punje za kigeni kwenye ungo, uoshe, kisha uanike mahali ambapo hapajapurwa ngano. Dengu nazo zichague vivyo hivyo.

Uji ndio mshukiwa wa pili. Ile michanganyiko ya "lishe" yenye nafaka saba au nane mara nyingi imetiwa ngano, shayiri au oti, na oti ya kawaida hulimwa na kusafirishwa pamoja na ngano. Changanya mwenyewe: wimbi kilo 2, mtama kilo 1, basi. Omena iliyopondwa au karanga ziingie jikoni kwako, si kinuni.

Nyumbani, kibao cha chapati, kifimbo chake na mwiko wa mbao havisafishiki vya kutosha. Mtengee binti vyake na uvitie alama. Sufuria ya chuma cha pua ikisuguliwa kwa sabuni haina shida. Moto hauui gluteni, kwa hiyo kukaanga upya au kuchemsha hakusaidii.

Kingamwili hupimwa tena miezi 6 baada ya kuacha, kisha mwaka 1, kisha kila mwaka. Kurudi kawaida kunaweza kuchukua mwaka au zaidi. La muhimu ni ziendelee kushuka. Akiharisha kwa maziwa kwa sasa, mpe mala: utumbo uliojeruhiwa hupungukiwa na uwezo wa kuyeyusha sukari ya maziwa, na uwezo huo hurudi ukipona. Na kabla hamjabadilisha chakula cha familia nzima, ndugu zake na nyinyi wazazi mpimwe. Ndugu wa karibu hupatikana na ugonjwa huu takriban mmoja kwa kila kumi, wengine bila dalili yoyote.

Mimi ni Mkatoliki wa Kakamega. Je, nipokee Komunyo?

Unaweza. Barua ya Vatikani ya mwaka 2003 inasema hostia isiyo na gluteni hata kidogo si halali, lakini yenye gluteni kidogo sana ni halali, na anayeshindwa hata na hiyo aruhusiwe kupokea divai peke yake. Zungumza na padre kabla ya Misa, si kwenye foleni. Omba kikombe cha pembeni, kwa sababu kipande cha hostia hutiwa kwenye kikombe kikuu.

Nakula hotelini Kisumu kila mchana na jioni napenda bia. Niagize nini?

Kaka, bia ya kawaida ni ya kimea cha shayiri, iache. Busaa ya mahindi na kimea cha wimbi haina gluteni kwa asili yake. Mengine kuhusu busaa unayajua mwenyewe. Pombe kali iliyochujwa kwa mvuke haibebi protini.

Chakula ndicho kigumu zaidi. Samaki hupakwa unga wa ngano asigande kwenye karai, na mafuta hayo huwa yamekaanga sambusa na mandazi. Samaki wa mchuzi hakuokoi, kwa sababu mara nyingi ameshakaangwa kwanza humo humo. Agiza wa kuchemsha au wa kuchoma. Chipsi uliza kama karai ni la viazi tu. Soseji na smoki huongezwa makombo ya mkate au unga, mchuzi mzito huweza kuwa umetiwa ngano, na vikolezo vya pakiti visome nyuma: ngano, kimea, semolina, atta. Ugali, sukuma, maharagwe na nyama choma yenye chumvi tupu vitakushibisha bila maswali mengi.

Niko Nakuru mjini. Nimejaribu chapati za unga wa mchele, zinapasuka. Nakosea wapi?

Huenda unakandia maji baridi. Gluteni ndiyo huvuta donge la ngano lisikatike. Mchele hauna, kwa hiyo wanga wenyewe lazima uive nusu kabla ya kusukuma. Chemsha vikombe 2 vya maji na nusu kijiko cha chai cha chumvi na kijiko 1 kikubwa cha mafuta. Punguza moto, mimina kikombe 1½ cha unga wa mchele na nusu kikombe cha unga wa muhogo, songa haraka, epua, funika dakika 10. Kanda lingali moto kadiri mkono unavyostahimili, hadi nyufa za pembeni ziishe. Likibaki kavu, ongeza maji moto kijiko kimoja kimoja.

Gawa vidonge 8, sukuma kati ya karatasi mbili za plastiki safi (pakiti ya sukari iliyopasuliwa inatosha), nene kidogo kuliko ulivyozoea. Kaanga kwa moto wa wastani na uzifunike kwa kitambaa papo hapo. Tabaka kama za chapati ya ngano hutapata, usizitafute. Na zile zinazolala hukauka: zinyunyizie maji, kisha zirudishe kwenye tawa dakika moja.