Jaketi la betri lililotakiwa kurejeshwa: majibu kwa wasomaji

Baridi ya Juni na Julai na upepo wa alfajiri hapa Dodoma vimewafanya wasomaji kadhaa wanunue majaketi yanayopashwa joto kwa betri, kisha wakasikia kwamba watengenezaji wa baadhi ya aina wanataka yarejeshwe.

*Nilinunua langu la mtumba, soko la Sabasaba, na nimelivaa msimu mzima bila tatizo. Nitajuaje kama limetajwa?*

Kutopata tatizo hakuthibitishi kitu, kwa sababu betri ya lithiamu yenye kasoro huweza kufanya kazi kwa miezi kabla ya utando mwembamba unaotenganisha pande zake mbili kutoboka, na hapo betri hujichemsha yenyewe hata swichi ikiwa imezimwa. Geuza jaketi, tafuta lebo kwenye mshono wa ubavuni au ndani ya mfuko wa betri, kisha itoe betri usome namba ya modeli na tarehe iliyochapwa mgongoni mwake. Zilinganishe na tangazo la mtengenezaji au, kwa bidhaa zilizouzwa Marekani, na orodha ya CPSC, tume ya nchi hiyo ya usalama wa bidhaa. Lebo ikiwa imekatwa, jambo la kawaida kwa mtumba, mimi ningeendelea kulivaa kama jaketi tu na kuachana na betri yake, kwani nyaya zisizo na umeme haziunguzi mtu.

*Mimi ni bodaboda wa Area C. Betri ya jaketi imekufa, na fundi anataka kuunganisha nyaya kwenye betri ya pikipiki.*

Mkatalie. Majaketi mengi ya aina hii hutumia volti 7.4, yaani seli mbili za volti 3.7 zilizounganishwa kwa mfuatano, ilhali pikipiki hutoa volti 12, ambazo kwenye waya uleule huzalisha joto zaidi ya mara mbili na nusu ya lile lililokusudiwa. Bitana itaanza kuungua pale waya unapokunjwa sana, kwapani na kiunoni, nawe uko barabarani, mikono yote miwili kwenye usukani.

*Muuzaji wa dukani anasema tangazo la kurejesha jaketi lililotolewa nje ya nchi halimhusu.*

Linamhusu. Mpelekee jaketi, lebo na risiti. Akikataa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo inasimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kwa mtumba usio na risiti, nisikudanganye, fedha hairudi kirahisi.

*Betri imevimba. Niitupe wapi?*

Usiitupe kwenye taka za nyumbani, usiichaji wala kuitoboa. Iweke nje, ndani ya ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, mbali na kuni na magunia, hadi upate anayepokea taka za kielektroniki. Ikianza kutoa moshi ukiwa umelivaa jaketi, livue lote bila kuhangaika kuchomoa betri, usivute moshi huo, limwagie maji mengi, kisha piga 114 kwa zimamoto.