Goroli na marisau kwenye ganda moja: majibu kwa mdau wa Texas

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, ukijijazia mwenyewe maganda ya shotgun ya geji 12, ukaweka goroli moja kubwa ya madini ya risasi na marisau makubwa (punje zilizo ndogo kuliko goroli) pamoja, je, nguruwe pori ataanguka haraka kuliko ukitumia slagi ya kawaida, yaani kipande kimoja kizito? Pili, je, mtutu wenye choki, yaani uliobanwa mdomoni, utahimili? La kwanza nimelichezea sana huku Pennsylvania, ila kwa bunduki ya kushindilia baruti. Jibu langu ni hapana, na sababu inaonekana vizuri ukijua mchanganyiko huu ulibuniwa kwa kazi gani.

Ni wazo la zamani. Mwaka 1777 George Washington aliagiza marisau yawekwe kwenye risasi za jeshi lake. Baadaye jeshi la Marekani likawa na risasi rasmi iliyofungwa kwenye karatasi kwa bunduki za kaliba 0.69 (mtutu wa inchi 0.69): goroli moja na marisau matatu. Wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe bado ilitumika. Brigedi ya Waayalandi ilikuwa nayo kwenye mapigano ya Antietam mwaka 1862, na mwaka uliofuata kikosi cha 12 cha New Jersey kiliitumia kwenye mapigano ya Gettysburg. Baadhi ya askari wa kikosi hicho walichana karatasi, wakatupa goroli na kushindilia marisau matupu, maana adui alikuwa anakuja uwanjani kwa safu nene. Ukienda Gettysburg utaona mnara wao, na juu kabisa kumechongwa goroli na marisau yake matatu.

Hapo ndipo penye jibu. Risasi ile ilikuwa ya mtu asiyelenga, anayepiga kuelekea ukuta wa watu akiwa ndani ya moshi. Risau likimkosa huyu linampata wa pembeni. Nguruwe wako hana wa pembeni, na hata akiwa naye, huyo hukukusudia kumjeruhi.

Mimi natumia nakala ya bunduki ya mwaka 1842, ya mtutu laini, usio na mifuo ndani. Risasi naifunga mwenyewe: karatasi inaviringishwa kwenye kijiti, marisau matatu yanakaa juu ya goroli kama mafiga, uzi unapita juu na chini yake, kisha baruti nyeusi nyuma. Uzi ukilegea, marisau yanacheza ndani ya karatasi, na ukisukuma kwa mdeki (ufito wa kushindilia) unasikia kabisa mambo hayajakaa sawa. Kazi ya jioni nzima hiyo, na mke wangu hataki kuiona meza yake ya chakula siku hiyo.

Kwenye shabaha, yadi 25 inapendeza: tundu moja kubwa na matatu madogo karibu yake, yote yanafunikwa na sahani. Ukirudi yadi 50 mambo yanabadilika. Goroli bado inapata kifua cha mtu wa karatasi, lakini marisau kila moja limeshika njia yake, na mara nyingi moja halionekani kabisa. Nyuma ya karatasi naweka ubao mnene wa msonobari. Goroli inatokea upande wa pili na kuacha vibanzi, ilhali marisau yanazama na kubaki humo humo. Nayachokoa kwa kisu.

Ni suala la uzito. Goroli ya inchi 0.65 ina gramu 27 hivi. Risau la inchi 0.31 halifiki gramu 3. Yanatoka mtutuni kwa mwendo mmoja, lakini dogo linashikwa na hewa mapema na halina uzito wa kulisukuma mbele. Nguruwe dume ana ngozi ngumu mabegani na mafuta chini yake. Risau la namna hiyo linamtia kidonda tu, halafu anaingia kichakani nacho, na wewe unamfuata gizani. Wajomba zangu kule Tabora walijaza magobore yao vipande vya nondo, na hadithi zao nyingi za porini ni za mnyama aliyekimbia na chuma mwilini.

Sasa kujaza maganda. Bunduki yangu inakula baruti nyeusi, ambayo ina uvumilivu kiasi. Wewe unatumia baruti isiyo na moshi, na hiyo shinikizo lake hupanda ghafla mzigo ukiongezeka. Marisau matatu tu yanazidisha uzito wa goroli yangu kwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo usichukue kipimo cha baruti cha slagi ukaongeza marisau juu, wala usibadilishe kikombe cha plastiki kinachobeba mzigo au fataki inayowasha baruti kwa kubahatisha. Kama mchanganyiko huo haumo kwenye kitabu cha vipimo cha mtengeneza baruti wako, haujapimwa shinikizo, na video ya mtu ambaye bunduki yake haijapasuka bado si kipimo. Ukitaka kuonja tu, nunua za kiwandani: Winchester waliwahi kutoa PDX1 ya geji 12 yenye slagi na marisau matatu. Hiyo waliiuza kwa kujilinda, umbali wa ndani ya nyumba.

Choki: geji 12 maana yake goroli 12 za kipenyo cha mtutu huo zinatimiza ratili moja, kipenyo cha milimita 18.5 hivi. Choki kamili inabana mdomo kwa karibu milimita moja. Goroli ngumu iliyojaa mtutu ikifika hapo haina pa kwenda, tena ikiwa imebanana na risau ubavuni. Fungua choki, weka silinda wazi (mdomo usiobanwa), hata kwa slagi nyingi ndivyo watengenezaji wanavyoshauri.

Kwa nguruwe, slagi moja nzuri, umbali mfupi, na uijue bunduki yako inapiga wapi. Na wadau mnaosoma mkiwa Tanzania au Kenya, msijaribu haya nyumbani. Huku sheria inaruhusu mtu kujijazia za matumizi yake, huko kutengeneza risasi bila leseni ni jinai.